Makazi ya Uzeeni Katika Nchi ya Ugeni
Sehemu ya Pili: Kutafuta Nyumba ya Kupanga Uingereza

Katika sehemu ya kwanza ya makala hizi tulizungumza juu ya mzee wa kwetu aliyebaki Uingereza baada ya kustaafu, wanawe wamekwisha kuoa na kuolewa, naye yumo katika kusitasita baina ya kuhamia chumba cha ziada nyumbani kwa mwana na kukaa peke yake kwa hiari yake. Leo na tuchukulie kwamba shauri limekwisha kukatwa: mzee, awe mume au mke, ameazimia kupanga nyumba yake mwenyewe, na kilichobaki ni kujua aitafuteje, aipime kwa kipimo gani, na atie sahihi karatasi ya namna gani. Ninazungumzia England hasa, kwani Scotland na Wales zina sheria zao za upangaji zinazotofautiana na hizi.

Kabla ya yote iko haya moja ambayo ningependa tuiondoe. Husikika katika hitima na katika karamu za arusi, London kama Leicester, kwamba si heshima mtu mwenye mvi kuwa mpangaji. Kwetu pwani kijana ndiye apangaye chumba, na mtu mzima hutarajiwa awe na nyumba yenye baraza, ambapo wapitao jioni watamwamkia. Basi mzee aliyeitumikia nchi hii miaka mingi katika hospitali zake na mabasi yake, asijaaliwe kununua nyumba, hujiona amerudi nyuma katika aushi, akawaficha ndugu walioko Mombasa na Unguja hali yake ilivyo. Haya hiyo haina mashiko. Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Unguja, aliyeondolewa katika kiti chake kwa mapinduzi ya Januari 1964, aliishi zaidi ya nusu karne huko Southsea, katika mji wa Portsmouth, nyumba ya kawaida katika mtaa wa watu wa kawaida, mpaka aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, ilhali umri wake umekwisha kufika miaka 90. Ikiwa aliyekalia kiti cha enzi aliweza kuzeeka kwa stara mtaani, sioni kwa nini sisi wengine tushindwe kuzeeka kwa stara katika nyumba ya kupanga.

Kanuni ninayoishika ni kwamba nyumba ya mzee ipimwe kwa siku atakayougua ndani yake. Siku ya kwenda kuitazama aghalabu huwa ya Mei au Juni, jua limetoka, mzee amevaa koti lake zuri na amefuatana na binti yake mwenye gari, na dalali, ambaye ana nyumba nyingine za kuonyesha kabla ya adhuhuri, anawapitisha vyumbani hima hima huku akiyasifu mapazia. Siku kama hiyo kila nyumba hupendeza. Mzee na ajiulize itakuwaje mwezi wa Januari, saa kumi za jioni, giza limekwisha kuingia, goti limevimba, binti yuko kazini katika mji mwingine, naye anataka kwenda msalani: ni hatua ngapi, ni vidaraja vingapi, na atashika nini njiani?

Nyumba nyingi za kupanga katika miji ya England zilijengwa zama za Malkia Victoria, zimeungana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, nyembamba, zenye ngazi inayokaribia kusimama wima, vyumba vya kulala juu na jiko chini. Katika baadhi yake bafu limetiwa nyuma kabisa, ng'ambo ya jiko, kwa kuwa zilipojengwa choo kilikuwa uani na hilo bafu ni nyongeza ya baadaye. Kijana hapaoni pana taabu; mzee mwenye kuamka mara tatu usiku atashuka ngazi ile gizani mara tatu. Kwa hiyo fleti ya chini ni bora, na kama ni ya juu pawe na lifti, na habari za lifti aulizwe jirani anayeingia na mfuko wa mboga, wala asiulizwe dalali. Kisha na atazame bafuni. Hodhi la kuogea lenye ukingo wa kufika magotini ni mtego kwa mguu uliolowa, na manyunyu yenye sakafu bapa ni neema. Na kwa mwenye kutawadha mara tano kwa siku, aonaye sinki i juu na mguu hauinuki tena kama zamani, mahali pa kuketi karibu na bomba ni jambo la ibada kama lilivyo la siha.

Hapa ni vyema ijulikane kwamba upungufu wa namna hii si lazima uikatize safari, maana mpangaji naye ana haki ya kusaidiwa. Chini ya Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, vyuma vya kushikia na marekebisho madogo mengine ambayo gharama yake haizidi pauni 1,000 hutolewa na halmashauri bila malipo, baada ya ofisa wake kuja kumpima mzee na mahitaji yake. Kwa kazi kubwa zaidi, kama kuling'oa hodhi na kuweka manyunyu, iko ruzuku kwa watu wenye ulemavu inayoweza kufika pauni 30,000 katika England, ambayo hutazama kipato cha mwombaji, huhitaji ridhaa ya mwenye nyumba, na humtaka mwombaji awe na nia ya kukaa hapo miaka 5. Sharti hilo la mwisho ndilo linalonifanya niseme kwamba ngazi na mkataba ni mambo yasiyotenganika, kwani nani atakayekubali kubomolewa bafu lake kwa ajili ya mtu atakayeondoka mwakani?

Baada ya ngazi ni joto. Kila nyumba ya kupangishwa sharti iwe na cheti cha matumizi ya nishati, ambacho huipa nyumba daraja kutoka A mpaka G, na tangu mwaka 2020 haijuzu kupangisha nyumba iliyo chini ya E, isipokuwa iliyosamehewa kwa sababu maalumu. Mzee asiridhike na E. Afya ya mtu mzima hudhurika nyumba ikishuka chini ya nyuzi 18, na pensheni yote yaweza kuishia katika kuipasha moto nyumba yenye madirisha ya kioo kimoja. Aulize pia kama kuna boila ya gesi au hita za umeme, na kama mita ni ya kulipia kabla, maana mita ya namna hiyo huweza kuzima fedha iliyotiwa inapokwisha, hata ikiwa theluji inaanguka. Palipo na gesi mwenye nyumba hulazimika kuikaguza kila mwaka kwa fundi aliyesajiliwa na kumpa mpangaji hati ya ukaguzi huo. Nyaya za umeme nazo hukaguliwa kila baada ya miaka 5.

Ndugu ya baridi ni unyevu, na mtoto wa unyevu ni koga, yaani ule weusi unaoota pembeni mwa dari na nyuma ya kabati. Wenye nyumba wengi wamezoea kumtupia lawama mpangaji, wakisema kwamba anapika mno, au anaanika nguo ndani, au hafungui madirisha, na mpangaji wa asili yetu, ambaye jikoni kwake wali wa nazi na mchuzi havikosekani, huwa mwepesi wa kuamini kwamba kosa ni lake. Kisa cha Awaab Ishak na kitupe hadhari. Mtoto huyo wa miaka 2, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale kwa maradhi ya pumzi yaliyotokana na koga ya fleti yao, na baba yake alipokuwa akilalamika alikuwa ameambiwa apake rangi juu yake. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025 katika nyumba za halmashauri na za vyama vya makazi, ikiwalazimisha wenye nyumba hizo kuchunguza na kutengeneza katika muda uliowekwa. Mapafu ya mzee nayo ni dhaifu. Basi siku ya kutazama nyumba avute pumzi kwanza kabla ya kuangalia chochote, asogeze kabati lililoegemezwa ukuta wa nje, na akiona rangi mpya katika pembe moja tu ya chumba ilhali pembe nyingine zimechakaa, aulize rangi ile inaficha nini.

Sasa tuingie katika mkataba, ambao kwa mtu wa makamo ni karatasi tu, lakini kwa mzee ndio nyumba yenyewe. Aliyepanga kabla ya tarehe 15 Januari 1989 alikuwa chini ya sheria za zamani, ambazo kwazo kodi hukadiriwa na ofisa wa serikali, na kumtoa mpangaji ni kazi ngumu. Wako wazee mpaka leo wanaoishi kwa hifadhi hiyo, na nawasihi: yeyote atakayewajia na bahasha ya fedha akiwaomba wahame au watie sahihi mkataba mpya, wasimjibu neno kabla ya kuonana na mwanasheria. Kuanzia tarehe hiyo ilitumika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1988, ambayo kifungu chake cha 21 kilimruhusu mwenye nyumba, muda wa mkataba ukiisha, kumtoa mpangaji kwa notisi ya miezi 2 bila kutaja sababu yoyote. Madhara yake hayakuwa kwa waliotolewa peke yao. Mpangaji aliyeiona koga alinyamaza, aliyeshinda na baridi kwa boila mbovu alinyamaza, kila mmoja akihofu kwamba barua ya malalamiko itajibiwa kwa notisi. Na anyamazaye zaidi ni mzee, kwa sababu kuhama kwa mtu wa miaka 75 si sawa na kuhama kwa mtu wa miaka 30. Humpoteza daktari amjuaye, humpoteza jirani mwenye ufunguo wake wa akiba, na msikiti au kanisa alilolifikia kwa miguu huwa sasa ni safari ya mabasi mawili.

Kifungu hicho kimefutwa na Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopata idhini ya Mfalme Oktoba 2025, ambayo masharti yake makubwa yamewekewa kuanza tarehe 1 Mei 2026. Kwa sheria hiyo mkataba wa mtu binafsi hauna tena mwisho uliopangwa: mpangaji hukaa mpaka atakapopenda kuondoka mwenyewe, kwa notisi ya miezi 2, au mpaka mwenye nyumba athibitishe sababu moja kati ya zilizotajwa na sheria. Akitaka kuiuza nyumba, au kuingia mwenyewe ama jamaa yake wa karibu, sharti atoe notisi ya miezi 4, wala hawezi kumtoa mpangaji kwa sababu hizo kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Kodi haipandi zaidi ya mara moja kwa mwaka, tena kwa notisi ya miezi 2, na mpangaji aonaye kwamba imepita bei ya soko aweza kulipeleka shauri mbele ya baraza la hukumu, ambalo halina mamlaka ya kumpandishia zaidi ya kile mwenye nyumba alichokitaka. Hofu ya kulalamika imepungua nguvu, ingawa haikuisha, maana nyumba inayouzwa itauzwa tu, na anayechelewesha kodi ya miezi 3 atatolewa.

Kwa ajili hiyo rai yangu ni kwamba mzee amchunguze mwenye nyumba kama anavyoichunguza nyumba. Mtu aliyepewa kazi Dubai kwa miaka miwili, akaipangisha nyumba yake mpaka arudi, yamkini ni mtu mwema, lakini siku ya kurudi ataihitaji nyumba yake na sheria itampa. Aliyerithi nyumba ya mama yake pamoja na ndugu wanne wasiopatana ataiuza mapema kuliko anavyosema. Bora kuliko hao ni mtu mwenye nyumba kadhaa, anayeishi karibu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Na bora kuliko wote, kwa nionavyo, ni chama cha makazi, ijapokuwa foleni yake ni ndefu na karatasi zake zinachosha. Maswali haya mzee asione haya kuyauliza, kwani dalali hatakosa kumuuliza yeye juu ya benki yake, pensheni yake, na jina la mtu wa kumdhamini.

Madalali wa England, tukiacha maneno yao mengi, wamefungwa mikono na sheria kuliko wale wa Dar es Salaam, ambako mpangaji huombwa kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na juu yake dalali akachukua ya mwezi kuwa ujira wake. Tangu sheria ya mwaka 2019 mpangaji wa England halipi ujira wa dalali hata kidogo, wala ada ya kuandika mkataba. Fedha ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki 1, na amana haizidi ya wiki 5, maadamu kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Amana hiyo si mali ya mwenye nyumba. Sharti aiweke katika mojawapo ya mifuko 3 iliyoidhinishwa, ndani ya siku 30, na kumwandikia mpangaji kwamba ameiweka wapi, na asipofanya hivyo mahakama yaweza kumwamuru alipe mara 1 hadi mara 3 ya kiasi chake. Sheria mpya imeongeza kwamba haruhusiwi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele, wala kupokea bei iliyo juu ya ile aliyoitangaza. Mwana anayetaka kumlipia mama yake nusu mwaka kwa mkupuo ili ampendeze mwenye nyumba, desturi iliyokuwa ikitusaidia sana tusio na mdhamini, njia hiyo imefungwa.

Kuhusu ubaguzi, waliofika Uingereza miaka ya sitini watakumbuka vibao vya madirishani vilivyotukataa kwa rangi zetu, na watakumbuka pia kwamba sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi, ya mwaka 1965, haikuzigusa nyumba, mpaka ilipokuja ile ya mwaka 1968. Leo Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda mpangaji kwa rangi, dini na ulemavu wake, lakini katika mlango wake wa nyumba umri umeachwa nje. Mwenye nyumba akikukataa kwa uzee wako, sheria hiyo haina la kumfanya; kwa upande mwingine ndiyo sababu zinaweza kuwapo nyumba zilizotengwa kwa wenye miaka 55 au 60 na zaidi, zenye kengele ya kuvuta katika kila chumba na msimamizi wa kuulizia hali, ambazo zitakuwa ndiyo maudhui ya sehemu ya tatu.

Kila mpangaji mtu mzima, tangu Februari 2016, sharti aonyeshe kwamba ana haki ya kuishi nchini. Mwenye pasipoti ya Uingereza huitoa na mambo yakaisha. Mwenye kibali cha ukaazi hana tena kadi ya kuonyesha: kibali chake kimo katika kumbukumbu za serikali kwenye intaneti, naye hutakiwa kufungua akaunti na kutoa namba ya siri ya kumpa dalali, ambayo hudumu siku 90. Mzee asiyejua simu hizi za kisasa na amwombe mjukuu amfungulie akaunti hiyo kabla ya kuanza kutafuta, kwa jina lile lile lililo katika pasipoti, maana majina yetu ya bin na binti huandikwa kila mahali kwa namna yake, na dalali akiona herufi mbili hazilingani humpa nyumba mtu wa pili.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo huwaponza wazee wetu kuliko mengine. Aliyefika umri wa pensheni ya serikali, ambao sasa ni miaka 66 na unapandishwa kidogo kidogo kufika 67, na kipato chake ni kidogo, aweza kusaidiwa na halmashauri kulipa kodi ya nyumba, kwa kiasi chenye mpaka kulingana na mji, tena kwa chumba kimoja cha kulala. Chumba cha pili cha wajukuu wanaokuja kulala hakihesabiwi, ila kikiwa ni cha mtu wa kumtunza mzee usiku kucha. Basi mzee huyo, akishapata nyumba yake nzuri ya chini yenye joto, husema sasa nitakwenda nyumbani miezi mitatu niikimbie baridi. Msaada huo, tangu Julai 2016, hauvumilii safari ya nje ya nchi inayozidi wiki 4, isipokuwa kwa sababu chache kama matibabu, au msiba wa jamaa wa karibu, ambao huweza kuongezewa wiki 4 nyingine. Na wengi hudhani kwamba wakisafiri miezi 3 watalipwa wiki 4 za mwanzo na kukatiwa zinazobaki, ilhali aliyekusudia tangu hapo kukaa zaidi ya wiki 4 haki yake hukatika siku ile ile anayoondoka. Kodi ya mwenye nyumba huendelea kuhesabiwa, na kwa sheria mpya deni la miezi 3 latosha kumfikisha mahakamani, hali yeye yuko Makunduchi anakula madafu. Anayetaka kusafiri na aiandikie halmashauri kabla ya kukata tikiti, ataje tarehe ya kwenda na ya kurudi, na aweke nakala ya barua hiyo. Na kama safari ni ndefu, kodi ya miezi yote hiyo iwe imekwisha kutengwa benki kabla hajafunga mizigo.